Rimoti ya infraredi: Jinsi ya kuiongeza kwenye kifaa cha video za intaneti

Rimoti, au kitenzambali, hutuma amri kwa runinga au king'amuzi bila waya. Nyingi hutumia miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu.

Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka wa 2015, wenye runinga kuukuu walilazimika kununua ving'amuzi, kila kimoja na rimoti yake. Katika miji kama Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, king'amuzi kilichoharibika chaweza kupata kazi mpya.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyozinduliwa nchini Uingereza mwaka wa 2012, ikiwekewa programu ya Kodi huonyesha video za intaneti kwenye runinga. Hata hivyo, haina jicho la kupokea infraredi. Jicho hilo ni kipande chenye miguu mitatu: umeme, ardhi na ishara. Kipande cha aina hiyo kimo ndani ya king'amuzi, na fundi aweza kukitoa baada ya kuchomoa waya wa umeme.

Kwenye Raspberry Pi, mguu wa umeme huunganishwa na pini ya 1, wa ardhi na pini ya 6 na wa ishara na pini ya 12. Kisha mstari dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18 huongezwa katika faili ya config.txt, na programu ya ir-keytable hufundishwa vitufe vya rimoti.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, mpangilio wa miguu hutofautiana kulingana na mtengenezaji. Pili, pini ya 1 hutoa volti 3.3. Kipokezi kikilishwa volti 5, ishara yake yaweza kuunguza kompyuta. Kisichofanya kazi kwa volti 3.3 kiachwe.

Rimoti nyingi humetameta takriban mara 38,000 kwa sekunde, ili kipokezi kiitenge ishara na mwanga mwingine. Jua kali, hata hivyo, huweza kuivuruga. Ili kujua kama rimoti ni nzima, ielekezwe kwenye kamera ya simu na kitufe kibonyezwe: kamera nyingi huonyesha taa yake ikiwaka. Isipoonekana, betri zikaguliwe kabla ya kulaumu kipokezi.