Mwalimu Aliyekiri Makosa Yake

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzazi mmoja wa mtaani kwetu baada ya sala ya alasiri, akaniuliza kama yafaa binti yake akasomee kompyuta chuo kikuu. Nami nilikuwa sijui, lakini nikamjibu kama ajuaye. Nilimwambia kuwa hiyo si elimu, ni kubonyeza vidude tu, na kwamba karani yeyote huijua kwa miezi mitatu. Mzazi yule alikubali kwani mimi ndimi niliyemsomesha juzuu utotoni. Binti akasomea jambo jingine. Baadaye nilizisoma khabari za elimu hii ilivyoanza, nikatambua kuwa nilikosea. Makala haya ni jawabu langu la pili.

Tuanze na neno moja. Maagizo yanayopangwa hatua kwa hatua mpaka jawabu lipatikane, ambayo ndiyo roho ya kazi yote ya kompyuta, wenyewe huyaita algorithimu. Neno hilo asili yake ni jina la mtu: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Maamun. Kitabu chake cha hesabu kwa tarakimu za Kihindi kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na jina lake likageuka katika ndimi za Wazungu mpaka likawa hivyo lilivyo. Asili ya Kiarabu imepotea, lakini nakala moja ya kale ya tafsiri ile imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Na khabari nitakazokusimulia ni za chuo hicho hicho.

Mwaka 1937 Cambridge ilianzisha maabara ya hesabu. Baada ya vita vya pili vya dunia maabara hiyo iliongozwa na Maurice Wilkes, aliyekuwa akifanya kazi ya rada wakati wa vita. Mwezi wa Mei 1946 aliazimwa ripoti iliyoeleza mashine mpya iliyokusudiwa kujengwa Marekani. Aliazimwa kwa usiku mmoja tu, na hakuwa na njia ya kuitoa nakala. Basi akakesha akiisoma mpaka akaimaliza, na asubuhi akairudisha kwa mwenyewe. Mwaka huo huo alikwenda Philadelphia kuhudhuria darsa juu ya mashine hizo. Meli zilikuwa adimu, akafika darsa zikiwa karibu kwisha. Walakini alichokipata kilimtosha, na akiwa melini kurudi kwao akaanza kuichora mashine yake mwenyewe.

Mashine hiyo iliitwa EDSAC. Ilikuwa na valvu kiasi cha 3,000, mfano wa zile za redio za zamani, na ilijaza chumba. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija mirefu ya zebaki. Habari hutiwa upande mmoja kwa mfano wa sauti, ikapita ndani ya zebaki, ikapokewa upande wa pili, na hapo hapo ikarudishwa mwanzo. Ni mithili ya mtoto wa chuoni anayekariri sura asiisahau: akifika mwisho huanza upya, na akinyamaza huwa imempotea. Tarehe 6 Mei 1949 mashine ilifanya kazi yake ya kwanza, kupiga jedwali la namba zilizozidishwa kwa nafsi zake. Hata kampuni ya Lyons, iliyokuwa ikiuza chai na keki, ilisaidia kwa pauni 3,000 na kuazima mfanyakazi wake mmoja, kisha ikajijengea mashine ya mfano huo, iitwayo LEO, iliyoanza kufanya hesabu za viwanda vyake vya mikate mwaka 1951.

Sasa tazama jambo lililonigusa. Wilkes alidhani kuwa, mashine ikishasimama, kuiandikia maagizo ni jambo jepesi. Siku moja, akipanda ngazi za maabara ile, ikamjia kwa nguvu kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki ataimaliza akitafuta makosa katika programu alizoandika kwa mkono wake. Alikuwa mkuu wa maabara na wengine wakimtazama yeye, na lau angetaka angelificha jambo hilo. Hakulificha. Alilisimulia yeye mwenyewe, na watu wake wakatafuta dawa.

Dawa ilitoka kwa mwanafunzi. David Wheeler alibuni njia ya mashine kuiacha kazi kidogo, kwenda kufuata fungu la maagizo lililokwisha kujaribiwa, kisha kurudi pale pale ilipoachia. Mafungu hayo yalitobolewa katika tepe za karatasi, yakawekwa kabatini kama vitabu vya maktaba. Aliyehitaji fungu alijitolea nakala, asianze upya kazi ambayo mwenziwe ameshaitengeneza. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu juu ya uandishi wa programu, cha kwanza cha namna yake, na mwalimu aliliweka jina la mwanafunzi pamoja na lake. Mwaka 1953 chuo kilifungua masomo ya stashahada ya mwaka mmoja, ya kwanza duniani katika fani hii, nayo yalidumu mpaka mwaka 2008.

Utauliza: faida yake nini? John Kendrew aliitumia EDSAC katika kutafuta umbo la protini iliyomo katika nyama ya mwili, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1962. Lakini usidhani kuwa mashine ndiyo yenye elimu. Mwanachuoni mwingine wa hapo, Andrew Huxley, alihitaji kuhesabu jinsi khabari inavyopita katika mshipa wa fahamu, na wakati huo EDSAC ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Akakaa wiki kadhaa akizungusha kwa mkono mashine ndogo ya hesabu, akamaliza. Naye na mwenziwe Alan Hodgkin walipata tuzo hiyo mwaka 1963. Chombo huharakisha safari, illa nahodha ndiye ajuaye aendako.

Na wewe uliye na binti, lisikilize hili khasa. Katika maabara hiyo alikuwako bibi mmoja, Karen Spärck Jones. Mwaka 1972 alieleza kuwa neno linalopatikana katika maandiko machache lina uzito mkubwa kuliko neno lililoko kila mahali, na kwamba mashine ikilipima hivyo itampatia mtafutaji anachokitaka. Ukitafuta jambo leo katika simu yako, fikira hiyo imo katika misingi ya kazi hiyo. Mumewe, Roger Needham, alionyesha katika miaka ya 1960 namna ya kuhifadhi neno la siri kwa sura isiyoweza kurudishwa ilivyokuwa, hata mwenye kuliiba daftari asipate kitu. Je, huku ni kubonyeza vidude?

Basi nilimwendea yule mzazi nyumbani kwake. Nilimwambia mbele ya watu wake kuwa siku ile nilisema nisilolijua. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa binti yule ameshaolewa na ana kazi yake, walakini yuko mdogo wake, naye yu kidato cha tatu na anapenda hesabu. Binti mkubwa alikuwa ameketi pale pale. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Sheikh, na huyu utamwambiaje?” Nikamwambia asome.

Ndugu msomaji, wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: kuulizwa si ujuzi. Mtoto wako akikuuliza njia usiyoijua, mwambie hujui, kisha mshike mkono mwende kwa ajuaye. Tepe yenye kosa hutobolewa nyingine, lakini miaka ya mtoto hairudi.