Wastani Unaoficha: Makazi, Bei ya Umeme na Utegemezi wa Vituo vya Umma vya Kuchaji Magari

Kila inapoulizwa ni mara ngapi wenye magari ya umeme hutegemea vituo vya umma vya kuchaji, jibu huwa tayari: mara chache. Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikieleza kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 80 ya kuchaji hufanyika nyumbani, na tarakimu hiyo imesafiri kutoka ripoti hadi ripoti mpaka imegeuka msingi wa sera katika nchi nyingine. Tarakimu yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na matumizi yake, kwa sababu wastani huu unachanganya makundi mawili ya watu ambao hali zao hazikaribiani. Chukulia mji ambao wenye magari wanane kati ya kumi wana uwanja wa kuegesha nyumbani na hupata asilimia 10 tu ya umeme wao barabarani, ilhali wawili waliobaki hupata wote huko. Wastani wa mji huo utakuwa asilimia 28, na hakuna hata mkazi mmoja anayeishi maisha ya asilimia 28. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba utegemezi wa vituo vya umma hauamuliwi na gari wala na tabia ya dereva. Unaamuliwa na mahali gari linapolala, na kwa hiyo ni suala la makazi kabla ya kuwa suala la usafiri.

Uingereza ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa kuwa takwimu zake ziko wazi na nyumba zake ni za kila aina. Gari la kawaida huko huenda takriban kilomita 12,000 kwa mwaka, yaani kama kilomita 33 kwa siku. Gari la umeme la ukubwa wa kati huenda karibu kilomita 6 kwa uniti moja ya umeme, kwa hiyo mahitaji yake ya siku ni uniti tano na nusu hivi. Chaja ya nyumbani ya kilowati 7 huirudisha nishati hiyo kwa muda usiofika saa moja, na hata soketi ya kawaida ya ukutani huirudisha kabla ya usiku wa manane. Mwenye uwanja wake hana haja ya kuhesabu chochote: huchomeka kebo jioni, asubuhi gari liko tayari. Kwake kituo cha umma ni cha safari ndefu, na mwezi mzima waweza kupita asikione. Jirani yake wa mtaa wa pili, mwenye gari la aina ileile lenye betri ya uniti 60, anaishi katika nyumba ya safu ambayo mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye njia ya waendao kwa miguu. Betri yake ikijaa humfikisha siku kumi hivi. Ukihesabu mara alizochaji, utamwona anachaji mara chache sana kuliko mwenzake, lakini kila mara moja ni safari ya kwenda kutafuta chaja iliyo wazi, nzima na ya bei inayovumilika. Ndiyo maana kuhesabu marudio peke yake hakutoshi. Linalopaswa kuulizwa ni kama mtu ana njia nyingine.

Takriban theluthi moja ya kaya za Uingereza hazina maegesho nje ya barabara, na katika mitaa ya ndani ya London wasio nayo ndio wengi. Tofauti ya gharama inayowapata ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa kilomita 12,000 gari linahitaji uniti 2,000 kwa mwaka. Mwenye chaja nyumbani, akijiunga na mpango wa bei ya usiku ambao umekuwa ukitoza karibu peni 7 kwa uniti, atalipa pauni 140 mwaka mzima. Anayetegemea chaja za mwendo wa kawaida mitaani, kwa peni 55, atalipa pauni 1,100. Akilazimika kutumia chaja za kasi, ambazo mara nyingi hupita peni 75, atavuka pauni 1,500. Gari la petroli linalotumia lita 6.5 kwa kilomita 100, kwa bei ya pauni 1.40 kwa lita, lingemgharimu chini kidogo ya pauni 1,100. Faida ambayo hutajwa katika kila tangazo la kumshawishi mtu aachane na petroli, kwa mkazi huyu haipo.

Kodi nayo imeongeza chumvi kwenye kidonda. Umeme wa nyumbani Uingereza hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na umeme unaouzwa kwenye kituo cha umma hutozwa asilimia 20. Katika bei ya peni 55, tofauti hiyo ni karibu peni 7 kwa kila uniti. Kwa mwaka inakaribia pauni 140, sawasawa na bili yote ya kuchaji ya mwenye uwanja. Kwa maneno mengine, kodi ya ziada anayolipa asiye na maegesho ingetosha kumwendeshea gari jirani yake mwenye uwanja kuanzia Januari hadi Desemba. Sidhani kama kuna mbunge aliyesimama akatetea kwamba hivyo ndivyo inavyofaa. Sheria hiyo iliwekwa kulinda bili za taa na joto majumbani, enzi ambazo hakuna aliyewaza kwamba gari lingekula umeme. Hata hivyo kutokusudia si sababu ya kuendelea nayo. Ni kweli pia kwamba kodi haielezi pengo lote: sehemu kubwa ya bei ya kituo ni gharama ya ardhi, mitambo, kuunganishwa kwenye gridi na matengenezo, na sehemu hiyo haitafutwa kwa saini ya waziri wa fedha.

Wapo wanaosema tatizo hili litajimaliza lenyewe kadiri chaja za kasi zinavyoongezeka. Mwisho wa mwaka 2024 Uingereza ilikuwa na chaja za umma zipatazo 73,000, na serikali ilikwisha kutangaza matarajio ya kufikia 300,000 ifikapo 2030. Chaja za kilowati 150 na zaidi huijaza betri ya gari linalozimudu kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa nusu saa au pungufu. Basi, husemwa, asiye na uwanja atafanya kama alivyofanya siku zote kwenye kituo cha petroli. Hoja hii ina uzito, na kwa safari za masafa marefu ni sahihi kabisa. Udhaifu wake uko kwenye bei. Chaja ya kasi hudai umeme mwingi kwa wakati mmoja, hivyo huhitaji transfoma kubwa na kebo nene, na gharama hizo hulipwa na mteja kwenye kila uniti. Umeme wa bei ya chini kabisa ni ule wa usiku unaotiririka polepole gari likiwa limelala, na huo ndio chaja ya kasi haiwezi kuutoa kwa foleni ya madereva wa saa kumi na moja jioni. Kanuni zilizopitishwa Uingereza mwaka 2023 zimewataka wenye mitandao ya chaja za kasi wahakikishe zinafanya kazi asilimia 99 ya muda, na bei ionyeshwe kwa peni kwa uniti. Hatua hiyo ni njema. Imerekebisha huduma bila kugusa swali la nani analazimika kuitegemea.

Kinachofaa kuongezwa ni chaja za polepole palepale watu wanapolala. Huko Sutherland Avenue, mtaa wa Westminster, mwaka 2020 nguzo 24 za taa zilikwisha kubadilishwa kuwa sehemu za kuchajia. Nguzo ni ileile na umeme wake umetoka kwenye kebo ileile ya taa. Kilichoongezwa ni soketi na mita. Kasi yake ni ndogo, lakini gari linaloegeshwa kwa saa kumi halihitaji kasi. Amsterdam imekwenda mbali zaidi: mkazi mwenye gari la umeme asiye na maegesho yake huweza kuomba mji uweke chaja ya umma karibu na kwake. Hapo kituo cha umma kinapelekwa kwa mtu badala ya mtu kukifuata, na mahali pa kukiweka panaamuliwa na mahitaji ya wakazi.

Norway hutajwa daima kama ushahidi kwamba mambo haya hujipanga yenyewe, maana mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Wanaoitaja kwa namna hiyo husahau mambo mawili. Kwanza, Wanorway wengi wanaishi katika nyumba za kujitegemea zenye mahali pa gari, na foleni zao maarufu za kwenye chaja ni za siku za Pasaka, wanapoelekea kwenye nyumba zao za milimani. Pili, kwa wanaoishi ghorofani serikali haikukaa kusubiri. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo iliyoanza kutumika mwaka 2018 ilimpa mwenye ghorofa haki ya kuweka sehemu ya kuchajia, na bodi ya jengo hairuhusiwi kumkatalia bila sababu ya msingi. Norway ilitunga sheria ya makazi ili kufanikisha sera ya magari, na hilo ndilo la kuigwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapenzi wa usafiri wa umma. Wanasema wakazi wa mitaa iliyobanana hawapaswi kusaidiwa kuwa na magari hata kidogo. Wapande basi na treni. Nakubaliana nao kwamba fedha za umma zianze na basi. Lakini katika mitaa hiyo wamo wanaoishi kwa usukani. Tangu Januari 2018 London haitoi leseni kwa teksi mpya yoyote isiyoweza kwenda bila moshi, na madereva wa magari ya kukodi na wa kusafirisha vifurushi wamekuwa wakisukumwa njia hiyohiyo. Wengi wao ni wapangaji. Dereva wa namna hii anaweza kumaliza betri kwa siku moja, na saa anayokaa kwenye chaja ni saa isiyo na abiria. Haiwezekani mji umwagize mtu abadilishe gari kwa ajili ya hewa ya wote, kisha umwache alipe mara nane ya bei anayolipa mwenye uwanja.

Kwa Afrika Mashariki mjadala huu umefika mapema, na huo ni wasaa wa kushukuru. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri mwaka 2023, na usiku bei hiyo hushuka hadi nusu. Uamuzi huo una mantiki: mvuke wa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria hauzimiki watu wakilala, na umeme wake wa usiku unahitaji mnunuzi. Lakini nafuu hiyo humfikia mwenye mita. Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji wa ghorofa, na eneo la kuegesha chini ya jengo huhesabiwa kwenye mita ya mwenye nyumba, ambaye halazimiki kuweka soketi wala kuuza umeme kwa bei aliyouziwa. Waendesha bodaboda za umeme wamelikwepa tatizo hili kwa kubadilishana betri vituoni, jambo ambalo betri ya gari, yenye uzito wa mamia ya kilo, hailiruhusu kwa wepesi huo. Wakati huohuo maghorofa yanaendelea kupanda Kilimani na Kileleshwa. Bomba la nyaya linalolazwa kabla ya zege kumwagwa ni kitu cha gharama ndogo katika bajeti ya jengo. Kupasua sakafu hiyohiyo baada ya miaka kumi, wapangaji wakiwa ndani na transfoma ikiwa imekwisha kuzidiwa, ni mradi mwingine kabisa. Kanuni za ujenzi zinapaswa kulidai bomba hilo sasa, pamoja na nafasi ya mita ya kila sehemu ya kuegesha, na mpangaji apewe haki ya kulipa bei ileile ya usiku ambayo mwenye nyumba ya kujitegemea katika mtaa wa Karen tayari anaweza kuipata.