Tarehe ya Wasimulizi wa Masisi na Walikale, tangu Karisi hadi Blogspot

Tarehe hii imeandikwa ili kukata neno moja linalobishaniwa kila watu wa Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, Kongo, wanapokutana Sake au Goma. Habari za vita vyetu zilienea duniani kwa njia ya Blogspot, mahali pa kuandika blogu mtandaoni, zikasomwa New York na Brussels. Je, ni mali ya nani? Wako wasemao kwamba ni mali ya wageni walioziandika. Sisi tunasema mkono ulikuwa wa mgeni, na kinywa kilikuwa chetu. Ushahidi ni huu ufuatao.

Kazi ya kusimulia nchini kwetu haikuanza na kompyuta. Mzee wake mkubwa ni Shekarisi, yaani msimulizi wa karisi, Candi Rureke wa Kisimba, katika nchi ya Wanyanga, Walikale. Mwaka 1956 aliisimulia karisi (utenzi wa shujaa) ya Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kunena, huku wanakijiji wakimwitikia. Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika neno kwa neno mpaka akamaliza. Mwaka 1969 kitabu kilitolewa California, na jaladani yakawekwa majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene. Huyu wa pili ni Mnyanga mwenyewe, bingwa wa lugha, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Jina la Rureke liko ndani ya kitabu, jaladani halipo. Ubishi tunaoukata leo ulianzia hapo.

Na aliyefika kwa Mwindo hawezi kupita bila kusimama. Baba yake, Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikuwa na wake saba, akapiga marufuku: asizaliwe mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa akitembea, akinena, na fimbo yake ya conga mkononi. Baba akamrushia mkuki, haukumpata. Akamzika, akatoka kaburini. Akamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, nayo ngoma ikaelea mpaka kwa shangazi yake, Iyangura. Baba alipokimbilia kuzimu kwa Muisa, mtoto alimfuata hukohuko, akamrudisha hai, na wakagawana nchi kwa amani. Wazee husimulia haya bila kusita, nasi tunayapokea vivyo hivyo. Mtoto aliyefungiwa ndani ya ngoma hakunyamaza, na wasimulizi wa Walikale ni ndugu zake.

Turudi kwenye tarehe. Mnamo Machi 1993 vita vilianzia sokoni Ntoto, Walikale, vikapanda hadi Masisi yote. Watu walikufa kwa maelfu, na makabila yote yalilia. Lakini tafuta leo orodha ya waliokufa, kijiji kwa kijiji, hutaipata. Kila kitabu kina makadirio yake. Wasimulizi walikuwapo, wafu walikuwapo, ila hapakuwa na mahali pa kuweka neno lisipotee. Hilo ndilo jeraha lililofanya Blogspot iwe na maana kwetu.

Nasaba ya Blogspot ni fupi. Kampuni ya Pyra Labs ya San Francisco ilianzisha Blogger, ambayo kurasa zake huwekwa Blogspot, mwaka 1999, na Google ikainunua mwaka 2003. Hapo mtu asiye na mtambo wa kuchapa wala ruhusa ya mhariri aliweza kuandika asubuhi akasomwa jioni. Upande wa Kiswahili, Ndesanjo Macha wa Tanzania alifungua njia kwa blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004. Issa Michuzi alimfuata mwaka 2005 kwa picha zake. Kenya ilitoa Ushahidi, chombo cha kukusanya habari za mashahidi kwenye ramani, mnamo Januari 2008, kutokana na ukurasa wa Ory Okolloh, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo chombo hicho kilitumiwa kwa vita vya Kivu. Walinzi wa hifadhi ya Virunga nao waliandika habari za sokwe wao, nao wana sifa yao.

Ila kwa Masisi na Walikale, ukurasa uliozidi yote ni Congo Siasa. Mwenye kuuandika, Mmarekani Jason Stearns, alianza kazi za Kongo mwaka 2001 Bukavu, katika shirika la Héritiers de la Justice. Mwaka 2008 aliongoza kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza silaha na madini. Mwaka uliofuata alikuwa akiandika kwenye Blogspot, mahali pa bure, bila mapambo. Wakati Bosco Ntaganda alipoasi na kujificha Masisi mnamo Aprili 2012, na kundi la waasi la M23 likazaliwa, mabalozi na waandishi wa habari waliufungua ukurasa huo kujua nani yuko kilima kipi.

Sasa tuulize: mtu aliye ng'ambo alijuaje mambo ya Nyabiondo, ya Mweso, ya Pinga? Aliambiwa. Yuko muuguzi wa kituo cha afya aliyepiga foni. Yuko motari wa pikipiki aliyetoka Kitchanga na habari kichwani kwa sababu karatasi ingemuua kwenye barabara iliyofungwa. Yuko mwalimu aliyepanda kilima kutafuta rezo ya simu, na mwanamke wa soko aliyehesabu mizigo ya wakimbizi. Hawa ndio akina Rureke wa zama zetu. Majina yao yalifichwa, na ilikuwa haki yafichwe, kwa kuwa jina likitajwa vitani huita risasi.

Mfano mkubwa ni Luvungi. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, vijiji 13 vya njia ya Kibua hadi Mpofi, Walikale, vilivamiwa na watu wakabakwa. Kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa ilikuwa Kibua, njia hiyohiyo, na dunia ilisikia wiki tatu baadaye. Wahanga wenyewe walinena mbele ya wauguzi, kisha mbele ya wachunguzi. Mwaka 2011 hesabu ilitolewa: watu 387 wasiopungua, wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi mojawapo la wavamizi, kifungo cha maisha. Linganisha na Ntoto ya 1993. Kule hapana orodha. Huku kuna siku, kijiji, idadi, na hukumu.

Huo ndio urithi. Zama za Blogspot ziliwazoeza watu kutosema tu "kule Masisi wameuana", bali kusema siku gani, kijiji gani, wangapi, na nani alishika bunduki. Mwandishi wa Congo Siasa aliongoza mradi wa Usalama mwaka 2012, ulioandika historia ya makundi ya silaha ya PARECO na CNDP. Akaanzisha Kundi la Utafiti juu ya Kongo, ambalo mwaka 2015, pamoja na mtafiti Christoph Vogel, lilichora ramani ya makundi ya silaha yapatayo 70. Mwaka 2017 likaja daftari la usalama la Kivu, tukio kwa tukio. Vijana wa blogu ya Habari RDC nao walianza mwaka 2016, Wakongo kwa majina yao wenyewe.

Na ajabu moja isisahauliwe: Kilambo, Walikale, ambako ndege zilitua juu ya lami ya barabara kuu, kati ya misitu, kubeba madini ya kasiteriti ya machimbo ya Bisie. Wanaume waliitoa machimboni kwa kutembea siku mbili na gunia la kilo 50 mgongoni. Asiyeona hakuamini, mpaka wenye kuona waliposema.

Lakini kurasa hufa. Skyblog ya Wafaransa, iliyojaa maneno ya vijana, ilifungwa 21 Agosti 2023, na nakala zake zikabaki kwa sababu Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na taasisi ya INA zilizihifadhi. Zetu nani atazihifadhi? Januari 2025 Masisi ilitekwa na M23, na Machi Walikale nayo. Ofisi zinapoporwa, madaftari hutumika kuwashia moto.

Hukumu ya tarehe hii ni kwamba habari ni mali ya aliyeona, na mwandishi ni mwekaji amana. Basi kila sekta, kila parokia na kila shule ya Bahunde, Bashali, Osso, Katoyi, Wanianga na Bakano iandike daftari lake kwa Kiswahili, na nakala ya pili iwekwe mbali na vita. Jina la msimulizi lifichwe linapomhatarisha. Jina la kijiji lisifichwe kamwe.