Tuta la matofali ya saruji

Tuta la matofali ya saruji ni bustani ndogo iliyozungushiwa ukuta mfupi na kujazwa udongo wenye rutuba, mboga ziote juu ya usawa wa ardhi. Mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, kuinua udongo si jambo geni: Wasukuma wamepanda viazi vitamu juu ya matuta kwa vizazi vingi. Kigeni ni ukuta, na ukuta ndio wenye matatizo.

Chanzo cha matatizo hayo ni mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni ambao wakulima wengi huupandia mpunga. Masika huvimba na kutuamisha maji. Kiangazi hunywea, ukapasuka nyufa pana. Ukuta ulioshikamanishwa kwa saruji juu ya ardhi ya namna hiyo hauna maisha marefu. Fundi mwerevu huchimba mtaro, huutoa udongo mweusi, hushindilia moramu, kisha hupanga matofali makavu, viungo vikipishana. Ardhi ikicheza, tofali husogea kidogo tu na kurudishwa mahali pake.

Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha 22.5. Mistari miwili yatosha. Tuta lenye vipimo vya nje vya mita 2.7 kwa 1.2 hutumia matofali 32 hivi na humeza karibu mita moja ya ujazo ya udongo, na katikati yake pafikika kwa mkono kutoka upande wowote. Samadi ya ng'ombe iliyooza haikosekani Simiyu. Ichanganywe na udongo wa juu na mchanga wa mtoni. Mchicha, mgagani na figiri hustawi humo.

Mapambo yasubiri mvua za msimu mmoja, ukuta ukae sawa kwanza. Lipu haifai, kwa kuwa hupasuka matofali yanaposogea. Chokaa au rangi ya maji, tofali moja moja, upande wa nje pekee, hupendeza na hurudiwa kwa gharama ndogo. Vipando vya viwanja vya Nyakabindi mkoani humo, palipofanyika maonesho ya wakulima ya Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018 na 2019, ni mahali pazuri pa kutazama bustani kabla ya kununua tofali la kwanza.

Mbuzi na kuku huzuiwa kwa ua wa minyaa. Udongo hushuka kila mwaka, hivyo huongezwa samadi kabla ya vuli.