Sindano Mikononi mwa Mgonjwa: Kwa Nini Mafunzo ya Insulini Yahesabiwe Kuwa Tiba

Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini walilazimika kwa muda mrefu kwenda hospitali mara mbili kwa siku ili wachomwe sindano. Walikwenda asubuhi na jioni, iwe siku ya mvua, ya harusi au ya msiba. Sababu iliyotolewa ilikuwa joto. Masharti ya watengenezaji yanataka kichupa cha insulini kisichofunguliwa kikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, na nyumba za kambini hazina friji.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), ambalo linatoa huduma za afya kambini hapo, lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva kuichunguza sababu hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Joto la kambini lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini iliyowekwa maabara katika hali hiyohiyo kwa wiki nne ilipoteza nguvu kwa kiasi kisichozidi asilimia 1, sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalifika mbali zaidi: vichupa visivyofunguliwa vya aina kadhaa za insulini ya binadamu vinaweza kuhimili nyuzi 25 kwa miezi sita, na nyuzi 37 kwa miezi miwili, bila kupoteza ubora kwa kiwango cha kumdhuru mgonjwa.

Hoja ya friji ikapungua uzito. Kilichobaki ni kikwazo ambacho kilikuwa kimejificha nyuma yake muda wote, nacho ni mashaka ya wahudumu wa afya iwapo mtu maskini, asiyejua kusoma, anaweza kukabidhiwa dawa yenye uwezo wa kuua ikizidi. Makala haya yanadai kwamba mashaka hayo hayana msingi pale ambapo mafunzo yapo. Yanadai pia kwamba mafunzo yenyewe hayastahili kuitwa mafunzo kama yanaishia kwenye kushika sindano na kumwacha mgonjwa bila uwezo wa kuamua dozi.

Historia iko upande wa mgonjwa. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipata sindano ya kwanza ya insulini mjini Toronto tarehe 11 Januari 1922, mikononi mwa madaktari. Kabla mwaka huo haujaisha, Elizabeth Hughes, msichana wa Kimarekani aliyefika Toronto amebaki mifupa mitupu, alikuwa amekwisha kujifunza kujichoma mwenyewe. Aliishi hadi mwaka 1981. Huko Boston, daktari Elliott Joslin alikuwa amechapisha kitabu cha mwongozo kwa wagonjwa tangu mwaka 1918, insulini haijapatikana bado, na ilipopatikana aliwategemea wauguzi wawafundishe watu hadi majumbani kwao. Madaktari hao walitambua mapema kwamba insulini hufanya kazi kwa saa, ilhali mgonjwa huonana na daktari kwa dakika.

Ujuzi wa mkono unaohitajika si mgumu, lakini una hatua nyingi, na kila hatua ina kosa lake. Insulini yenye ukungu hutuama, kwa hiyo kichupa huviringishwa taratibu kati ya viganja hadi dawa iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, hakitikiswi. Mgonjwa huvuta hewa kwenye bomba kwa kiasi cha dozi yake, huisukuma ndani ya kichupa, hukipindua, huvuta dawa, kisha huondoa mapovu huku mistari ya bomba ikiwa usawa wa macho. Huchoma tumboni, mbali kidogo na kitovu, au kwenye paja upande wa nje. Huhesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa, ili dawa isitiririke nje. Kesho yake husogea walau upana wa kidole kutoka pale alipochoma jana.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi, na madhara yake ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mahali panapochomwa kila siku hufanya uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi. Hapaumi tena, na kwa sababu hiyo mgonjwa hupapenda na kuparudia. Insulini inayoingia pale hunyonywa ovyo, leo polepole, kesho haraka. Sukari hupanda, daktari huongeza dozi, na siku mgonjwa anapochoma mahali pazima sukari huporomoka. Muuguzi anayepapasa tumbo la mgonjwa kwa vidole vyake anaweza kuligundua tatizo hili papo hapo. Anayeuliza tu kama mgonjwa anabadilisha mahali pa kuchoma ataambiwa ndiyo, na jibu hilo halitamsaidia kitu.

Kosa jingine liko kwenye bomba. Insulini nyingi siku hizi ina uniti 100 kwa mililita, lakini ile ya uniti 40 bado inapatikana katika baadhi ya nchi, na kila moja ina bomba lake. Mtu aliyeandikiwa uniti 20 za insulini ya 100, akazivuta kwa bomba la 40 hadi mstari wa 20, atajichoma uniti 50. Kosa hili haliwezi kuzuiwa kwa kukariri. Linazuiwa na mgonjwa aliyeshika mabomba yote mawili mbele ya mwalimu, akaelezwa tofauti, kisha akaieleza mwenyewe kwa maneno yake.

Mambo haya yote ni ya mkono. Penye ubishi zaidi ni kichwani, yaani nani anayeamua dozi.

Michael Berger na Ingrid Mühlhauser walianzisha huko Düsseldorf, Ujerumani, kozi ya siku tano ambamo mgonjwa alifundishwa kupima sukari, kukadiria wanga ulio kwenye chakula chake na kubadilisha dozi bila kusubiri ruhusa. Waingereza waliichukua na kuipa jina la DAFNE. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, likiwa na watu wazima 169 katika vituo vitatu, waliofundishwa walikuwa na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi kadhaa, ya asilimia 8.4 baada ya miezi sita, na waliokuwa bado wanasubiri zamu yao walikuwa na 9.4. Sukari kushuka kwa hatari haikuongezeka. Hilo lina uzito, kwa sababu jaribio kubwa la Marekani na Kanada, DCCT, lilikuwa limeonyesha mwaka 1993 kwamba kudhibiti sukari kwa ukali hupunguza uwezekano wa kupata ugonjwa wa macho kwa asilimia 76, lakini huongeza takriban mara tatu matukio mazito ya sukari kushuka. Udhibiti bila elimu ya kutosha una bei yake.

Itasemwa kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, ya watu waliosoma. Jibu lipo tangu mwaka 1972, pale Leona Miller na mwenzake walipoeleza kazi yao katika hospitali ya umma ya kaunti ya Los Angeles, iliyohudumia watu wengi wa kipato cha chini. Waliwafundisha wagonjwa na kuwapa namba ya simu ya kupiga wanapokwama, na watu waliolazwa kwa kupoteza fahamu kutokana na kisukari wakapungua sana. Dagahaley nako wagonjwa sasa hujichomea nyumbani.

Kwa wasomaji wa Pwani kuna jambo la karibu zaidi, Ramadhani. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kushauriwa asifunge, na dini inamruhusu, lakini wengi hufunga hata hivyo. Aliyefundishwa kuamua dozi atakwenda kliniki wiki kadhaa kabla ili apangiwe upya kiasi cha futari na cha daku, na atajua kwamba kujipima hakubatilishi saumu na kwamba sukari ikifika chini ya 3.9 mmol/L lazima afungue saumu hapo hapo. Aliyefundishwa kushika sindano tu atajichoma dozi ileile ya asubuhi na kushinda bila kula.

Ukweli mmoja unapaswa kusemwa bila kuuzungusha. Uamuzi wa dozi unahitaji kipimo, na stripu za kupimia sukari zinawashinda wagonjwa wengi kwa bei. Serikali inayonunua insulini bila stripu inamtaka mgonjwa akisie. Na kliniki inayompa mgonjwa mpya dakika kumi, kwenye foleni ya watu hamsini, inamtaka muuguzi afanye lisilowezekana.

Wizara za afya za Kenya na Tanzania ziingize saa za mafunzo, mshahara wa muuguzi mwalimu na stripu za mgonjwa katika fungu lilelile la bajeti linalonunua insulini, na hospitali ziulizwe kila mwaka ni wagonjwa wangapi wameonekana kwa macho wakijichoma vizuri na kurekebisha dozi zao wenyewe.