Akili za punju

Mitihani imekwisha, na badala ya kulala nimejikuta nasoma habari za kima. Msinicheke.

Mdogo wangu aliwahi kuambiwa na mwalimu wake ana akili za kima punju. Kosa lake, kuangalia dirishani. Alirudi nyumbani analia. Na sie wa Unguja twajua maana yake: kima wa kawaida akikuona keshakimbia, punju anakaa anakutazama tu, hata gari ikija.

Sasa huyu punju ana historia. John Kirk, daktari wa ubalozi wa Uingereza hapa Mji Mkongwe, ndiye aliyefanya ajulikane London, na mwaka 1868 John Edward Gray akampa jina la kisayansi lenye jina la Kirk ndani yake. Wenyewe tulishampa letu: punju, yaani sumu. Wazee wakisema mti anaoula hufa, na mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya.

Sumu ipo kweli, ila iko kwenye majani. Majani ya mwembe na mkungu yana kemikali zinazovuruga usagaji wa chakula. Mwaka 1997 Thomas Struhsaker na wenzake walieleza kwamba punju wa mashamba ya karibu na Jozani huokota mkaa kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri, wakautafuna, na ule mkaa unazinasa zile kemikali. Ati huyo ndiye hana makini!

Mwaka 2018 Mary Ann Raghanti na wenzake walipima ubongo wa binadamu, sokwe, gorila, nyani na wengineo. Katika sehemu ya ndani iitwayo striatamu, binadamu tuna dopamini nyingi kuliko wao. Hiyo inahusika na kuchagua kipi tukifuate, kipi tukiache. Wao wakaona ndiyo inayotufanya tuangaliane sana sisi kwa sisi. Punju hakupimwa, lakini mie naona yeye anaangalia majani.

Barabara ya Jozani ilikuwa ikiua punju mmoja kila wiki 2 au 3. Yakawekwa matuta manne, ikawa mmoja kwa wiki 6 hivi. Aliyebadilika hapo ni dereva, punju yule yule.

Jana nimemhadithia mdogo wangu habari za mkaa. Kaniuliza: "Mkaa wa mti gani?"