Kutoka shule ya Kongo kuingia shule ya Uganda: Maswali ambayo wazazi huuliza

Mzazi, ukifika Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali ukitokea Kongo, shule ya watoto ni kati ya mambo ya kwanza utakayouliza. Maswali yanafanana karibu kila kijiji: mtoto ataingia darasa gani? Karatasi gani zinatakiwa? Kwa nini amerudishwa nyuma? Nifanye nini akichekwa? Makala hii inayajibu moja baada ya jingine. Ni ya wazazi wenyeji pia, kwa sababu watoto wao wanakaa benchi moja na watoto wa wakimbizi.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Mtoto haachi shule kwa siku moja. Anaanza kwa kukosa siku ya soko, kisha siku ya kupokea chakula, kisha wiki nzima. Mara nyingi chanzo chake ni aibu ya kuwekwa pamoja na watoto wadogo. Aibu hiyo mzazi anaweza kuipunguza mapema.

Je, mtoto wa mkimbizi ana haki ya kusoma Uganda?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasema kwamba mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi. Shule za serikali zilizo ndani ya makazi zinapokea watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji. Vivyo hivyo, mtoto wa mkimbizi anaweza kuandikishwa katika shule ya serikali iliyo nje ya makazi ikiwa ni ya karibu zaidi.

Shule ya Uganda imepangwaje?

Kongo, shule ya msingi ni miaka 6. Uganda ni miaka 7, kuanzia P1 hadi P7. Mtoto huanza P1 akiwa na miaka 6. Mwisho wa P7 kuna mtihani wa taifa unaoitwa PLE. Una masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Baadaye kuna sekondari ya miaka 4 (S1 hadi S4), kisha miaka 2 ya juu (S5 na S6).

Alama nazo zinasomwa tofauti. Kongo tumezoea asilimia: aliyepata 80 amemshinda aliyepata 50. Kwenye PLE, kila somo hupewa namba kutoka 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Namba za masomo manne zinajumlishwa. Mwenye 4 amefanya vizuri kuliko wote, na mwenye 36 yuko chini kabisa. Kuanzia 4 hadi 12 ni daraja la kwanza. Kwa hiyo mtoto akikuletea 10, usimgombeze. Mpongeze.

Tumefika katikati ya mwaka. Nisubiri mwaka mpya?

Usisubiri. Kongo mwaka wa shule huanza mwezi wa tisa. Uganda huanza karibu na mwezi wa pili na una mihula mitatu. Ukifika mwezi wa tisa utakuta muhula wa mwisho, na darasa linajiandaa kwa mitihani. Hata hivyo, mpeleke. Huenda asifaulu mtihani huo, na huenda mwezi wa pili akarudia darasa lile lile. Lakini atakuwa amepata miezi ya kusikia lugha, kumjua mwalimu na kupata rafiki. Mtoto aliyekaa nyumbani miezi hiyo ataanza mwaka mpya akiwa bado mgeni.

Karatasi zilibaki Kongo. Ataandikishwa?

Kukosa buletini kusikuzuie kwenda shuleni. Nenda kwa mwalimu mkuu na mtoto mwenyewe, pamoja na karatasi ya familia uliyopewa na ofisi ya OPM. Kama una buletini ya Kongo, hata iliyochanika, ibebe. Kama huna, eleza kwa maneno: mtoto alisoma hadi mwaka wa ngapi, aliacha lini, na alikuwa anasoma kwa lugha gani. Shule inaweza kumpa jaribio dogo ili kujua kiwango chake.

Angalia sana majina na tarehe ya kuzaliwa. Jina la mtoto liandikwe shuleni jinsi lilivyo kwenye karatasi ya familia: herufi zile zile, kwa mpangilio ule ule. Wazazi wengi hawalioni kosa hili mpaka mtoto afike P7, wakati majina yanapelekwa kwenye baraza la mitihani, UNEB. Jina likishachapwa kwenye cheti, kulirekebisha ni kazi ndefu. Kabla ya kuandikishwa kwa mtihani, omba mwalimu akuonyeshe jina lilivyoandikwa. Kama kosa liko kwenye karatasi ya familia, anzia OPM.

Kwa kijana aliyemaliza sekondari Kongo na ana diploma ya serikali, UNEB ndiyo inayolinganisha vyeti vya nje na vya Uganda. Karatasi za Kifaransa zitahitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza kwanza.

Alikuwa mwaka wa tano. Kwa nini wamemweka P3?

Hili ndilo swali linalowaumiza wazazi wengi. Mtoto anajua kugawanya na kuzidisha, anasoma Kifaransa bila shida, kisha anawekwa na watoto wa miaka minane. Sababu kubwa ni lugha. Katika mtaala wa Uganda, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, P4 ni darasa la kuvuka kwenda Kiingereza, na kuanzia hapo masomo yote ni kwa Kiingereza. Shule nyingi huona kwamba mtoto akiingia P5 bila Kiingereza hatafuata chochote, hata hesabu anazozijua, kwa sababu maswali yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza.

Kurudishwa nyuma si adhabu, wala si kusema mtoto hana akili. Mwambie hivyo kwa maneno yako, na umwambie mbele ya wadogo zake. Usimwite "mtoto wa P3" kwa mzaha. Mzaha wa nyumbani humkaa mtoto rohoni kuliko wa shuleni.

Kisha ongea na mwalimu. Si lazima ukubali kila kitu kimya, wala si lazima ugombane. Unaweza kusema: "Mwalimu, mtoto wangu alifika mwaka wa tano kule kwetu. Hesabu anazijua, shida yake ni Kiingereza. Tukiona mwisho wa muhula ameanza kuelewa, mnaweza kumpima tena na kumpandisha?" Omba jibu lenye muda, na urudi siku hiyo ikifika. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani atamkumbuka zaidi mtoto ambaye mzazi wake anafuatilia.

Ana miaka 14 na hajamaliza msingi. Je, amechelewa?

Hajachelewa. Uganda ina programu ya elimu ya haraka, inayojulikana kwa herufi AEP, kwa ajili ya vijana wa miaka 10 hadi 18 walioacha shule au ambao hawakuwahi kusoma. Miaka 7 ya msingi imefupishwa kuwa ngazi 3. Ngazi ya kwanza inachukua P1 hadi P3, ya pili P4 na P5, ya tatu P6 na P7. Mwisho wake kijana anaweza kufanya PLE kama wengine. Faida nyingine ni kwamba anakaa na wenzake wa umri wake. Haiko katika kila shule, kwa hiyo uliza mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kijiji mahali palipo karibu.

Mimi sijui Kiingereza. Nitamsaidiaje?

Huhitaji Kiingereza ili kufungua daftari. Kila jioni mwambie akuonyeshe alichoandika leo, akueleze kwa Kiswahili, Kinyabwisha, Kibembe au lugha yoyote ya nyumbani. Mtoto akiweza kukueleza, ameelewa. Akishindwa, kesho amuulize mwalimu. Akichelewa sana, tafuta mtoto wa jirani aliye P6 au P7, hasa wa familia mwenyeji, wasome pamoja nusu saa.

Usiache lugha yako ukidhani utamsaidia. Kiswahili chake ni mtaji: kimo katika masomo ya S1 na S2 ya mtaala wa sekondari ulioanza 2020, na huko atakuwa mbele ya wengi.

Shule ya serikali ni bure. Mbona wanadai pesa?

Tangu 1997 Uganda ina mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE. Mzazi halipi ada ya masomo, lakini sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana ni juu yake. Shule pia huomba michango, kama pesa ya uji, karatasi au ufagio. Sheria ya Elimu ya 2008 inasema kwamba mwanafunzi asifukuzwe kwa sababu mzazi ameshindwa kutoa mchango wa hiari. Ukishindwa, nenda mwenyewe ukaeleze, na uombe kutoa kidogo kidogo au kutoa mahindi badala ya pesa. Usimtume mtoto akaombe msamaha kwa niaba yako. Na mkutano wa wazazi ukiitishwa, hudhuria: michango hujadiliwa pale, na asiyekuwepo hupangiwa na wengine.

Watoto wanamcheka na kumwita majina. Nifanye nini?

Msikilize kwanza mpaka mwisho. Mzazi akisema haraka "warudishie", vita vitahamia kwenye bomba la maji na kuwafikia watu wazima. Uliza ni nani, wapi na mara ngapi. Kisha mwone mwalimu wa darasa. Kama mnafahamiana, muone pia mzazi wa yule mtoto, kwa heshima, bila kundi la watu nyuma yako. Kama shida ni kati ya wakimbizi na wenyeji, mwenyekiti wa wakimbizi na mwenyekiti wa LC1 wakae pamoja.

Mzazi mwenyeji, una nafasi kubwa hapa. Mwanao akisikia nyumbani kwamba wageni wamejaza shule, atalibeba neno hilo darasani. Ni kweli madarasa yamejaa na vitabu havitoshi. Mtoto wa benchi la pili hakusababisha hilo. Mwalike aje kucheza.

Mwalimu anampiga fimbo. Inaruhusiwa?

Hapana. Sheria ya Watoto ya Uganda, ilivyorekebishwa 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Anza kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya usimamizi wa shule. Mtoto akiumia, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ili iandikwe.

Binti yangu amekua. Bado aendelee?

Aendelee. Hesabu kazi zake za asubuhi: maji, kuni, kumbeba mdogo. Kama anafika darasani saa nne amechoka, shida si akili. Gawa kazi na kaka zake. Siku za hedhi, hakikisha ana vitambaa safi au pedi, na umuulize kama choo cha shule kina mlango.

Mtu akija na posa kabla binti hajafikisha miaka 18, kumbuka kwamba sheria ya Uganda inamhesabu kuwa mtoto. Na kama amepata mimba, njia haijafungwa: miongozo ya Wizara ya Elimu ya 2020 inaruhusu msichana kurudi shuleni baada ya kujifungua. Nenda ukaombe nafasi yake, wala usimwozeshe ili kuficha aibu.

Na jioni, anakuwa wapi?

Mjue rafiki yake kwa jina na ujue kwao. Banda la video na michezo ya kubahatisha humvuta kijana asiye na la kufanya. Mpira, kwaya au kikundi cha vijana humpa kundi lingine. Kuhusu simu, weka saa, na usiku ilale kwako.

Jambo jingine huwa tunalisahau. Watoto hujua lugha mapema, kwa hiyo tunawachukua kutafsiri kituo cha afya au ofisini. Mara moja ya dharura inaeleweka. Lakini kila wiki anakosa masomo, na anasikia mambo ya ugonjwa na ndoa yasiyofaa masikio yake. Ofisini na kwenye kituo cha afya, uliza kwanza kama kuna mkalimani.

Nikikwama, nipige wapi?

- 116, simu ya Sauti: bure, kwa jambo lolote la mtoto kuteswa, kuozeshwa au kunyimwa haki.
- 0800 323 232: bure, kwa mkimbizi mwenye swali au malalamiko kuhusu huduma.
- Karibu nawe: mwalimu mkuu, kamati ya shule, mwenyekiti wa kijiji, ofisi ya OPM.

Wiki hii fanya mambo matatu. Angalia jina la mtoto kwenye orodha ya shule. Muulize mwalimu lini atampima tena. Na leo jioni, mwambie mtoto akufungulie daftari.